Kreshendo kwenye noti ndefu haisikiki programu ikipiga, mnafanyaje wenzangu?

Teno_wa_Pili
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada, hii ni siku ya nne nahangaika na jambo moja. Nimeandika kwenye programu ya kuandika muziki wimbo wa sauti nne na nyuzi chini yake, violini mbili, viola na selo, nimeweka p (sauti ndogo), nimeweka f (sauti kubwa), nimeweka na zile alama za mdomo unaofunguka, yani kreshendo, sauti ipande kidogo kidogo, ukiitazama karatasi inapendeza. Sasa nikibonyeza ipige, bari ya 12 selo ameshika noti moja bari mbili nzima na chini yake kuna kreshendo toka p mpaka f, hakuna kinachotokea!! Noti imenyooka vilevile kama king'ora, afu bari ya 14 noti mpya inaingia na f kwa kishindo kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba kule bari ya 5 violini wanapiga noti fupi fupi na kreshendo ya aina hiyohiyo inasikika safi tu. Nimefuta nikaandika upya, nimezima kompyuta nikawasha, wapi. Ni mimi nakosea au programu ndo ilivo?

kinanda_kimya
Hamia programu nyingine mkuu.

Teno_wa_Pili
Nimejaribu na nyingine imefanya vilevile, ndo maana nimekuja huku.

FundiMidi
Hujakosea kuandika mkuu, na programu nayo si mbovu. Tatizo liko chini zaidi, kwenye lugha ambayo programu inaongea na vyombo vyake. Lugha hiyo ni MIDI, imetoka 1983 na kwa sehemu kubwa inawaza kama kibodi, na kwenye kibodi swali ni moja tu, umebonyeza kwa nguvu gani. Hiyo nguvu ndo velositi, namba toka 1 mpaka 127 (ukituma 0 inahesabika kama kuzima noti), inatumwa mara moja noti inapoanza na basi, ikishatoka imetoka. Chukulia ngoma, ukishaipiga huwezi kurudi ukasema lile pigo la saa ile naomba liongezeke kidogo. Zumari ni kitu kingine kabisa, unapuliza na pumzi yako inaendelea kuamua mpaka noti inakata. Sasa programu yako inampigia selo kama ngoma wakati selo ni ndugu wa zumari.

Angalia violini wako wa bari ya 5. Kwenye programu ya MuseScore kwa kawaida p ni velositi 49, mp 64, mf 80, f 96, ff 112 (mp na mf ni za katikati, ff ni kubwa zaidi ya f). Violini wana noti nane kwenye kreshendo, kila noti inabeba velositi yake inapanda kutoka 49 kuelekea 96, kwa iyo sikio linasikia ngazi nane na linaridhika. Selo ana noti moja. Kapewa 49 pale mwanzo, hakuna noti nyingine ya kupewa namba mpya, anakaa na 49 yake mpaka bari ya 14.

Dawa yake ni kontrola. Hizi ni ujumbe unaotumwa wakati noti inaendelea kulia, nazo zinakwenda 0 mpaka 127. Tatu ndo utakutana nazo sana: namba 7 ni volyumu, namba 11 ekspresheni, namba 1 ni lile gurudumu la modulesheni. Watu wengi wanakimbilia 7 na hapo ndo wanaharibu. 7 ni ya miksa (mahali pa kusawazisha sauti za vyombo), iweke mara moja mwanzo wa kazi uiache, maana ndo inasema selo kwa jumla asikike kiasi gani ukimlinganisha na wenzake. 11 inafanya kazi ndani ya hiyo 7, 127 maana yake "yote niliyoruhusiwa" na ukishuka unapunguza kutoka hapo. Ukichora kreshendo kwa 7 basi siku ukitaka kumpunguza selo wimbo mzima itabidi uchore upya kila mahali. Hilo nimelifanya mimi mwenyewe zamani, sitaki kulizungumzia zaidi.

Namna ya kuituma inategemea unatumia programu gani. Sibelius unaandika kama maandishi kwenye stafu (mistari mitano ya noti), ~C11,64 afu unayaficha yasichapishwe. Dorico una sehemu ya kuchora mkunjo wenyewe, na ramani ya ekspresheni inasema kwa chombo hiki dinamiki (ukubwa na udogo wa sauti) iende kwa kontrola ipi au kwa velositi. MuseScore toka 3.1 wana dinamiki ya noti moja, inapanda na kushuka ndani ya noti ikiwa saundi (seti ya sauti za vyombo) unayotumia inaielewa. Hilo la mwisho uliangalie, kwa sababu saundi ikiwa haisikilizi kontrola husika unaweza kuchora mpaka asubuhi ukabaki na king'ora chako.

Na usije ukaiweka kwenye piano. Piano ni ngoma ya kweli, nyundo ikishagonga waya noti inafifia tu, kreshendo kwenye noti iliyoshikwa ya piano haipo duniani, ukiisikia kwenye kompyuta ujue umedanganywa.

Teno_wa_Pili
Aisee FundiMidi Mungu akubariki, miaka yote nilikua najua velositi na volyumu ni kitu kimoja. Nimefanya, nimechora 11 kwa selo toka 32 mpaka 127, mstari umenyooka, bari ya 12 na 13 zote mbili. SELO ANAPANDA. Ila sasa kuna kitu bado hakijakaa, anapanda haraka haraka mwanzoni afu huku mwishoni ni kama kachoka, kipande cha kwanza tu ndo nasikia kreshendo, baada ya hapo ni sauti kubwa tu imekaa. Nimehakikisha mstari umenyooka kama rula.

Besi_Nzito
Ndo kosa lenyewe hilo, kunyooka kama rula 😂

Sikio halihesabu hivo. Vyombo vingi vya MIDI vinafuata pendekezo kwamba ukikata namba ya kontrola nusu, sauti inashuka desibeli 12 hivi. Sasa piga hesabu yako. Toka 32 mpaka 64 umepanda desibeli 12. Toka 64 mpaka 127 umepanda tena karibu 12. Lakini kwa mstari ulionyooka ile hatua ya kwanza imekula theluthi moja tu ya muda na ya pili imekula theluthi mbili. Bari mbili za midundo minne minne ni midundo 8, maana yake ukifika mdundo wa tatu hivi nusu ya kreshendo imeshakwisha! Na kipande cha mwisho, toka 96 mpaka 127, ni desibeli 5 tu, ndo maana unasema kachoka.

Chora ulegee kwa chini, uanze polepole na upinde kwenda juu mwishoni, ikifika katikati ya bari ya 12 uwe bado uko 38 au 40 hivi, katikati ya safari uwe 55, afu ndo uachie. Na ata bila hesabu, mwalimu yeyote wa kwaya atakwambia hivohivo, alama ya kreshendo inapoanza ndo mahali pa kuimba kwa sauti ndogo, wanakwaya wabaya wakiiona tu tayari wameshafika f.

Teno_wa_Pili
Mdundo wa tatu! Ndo hapohapo kabisa nilipokua nasikia inaisha. Nimepinda, sasa inatisha, yani nywele zimesimama.

viola_wa_nyuma
Mimi naona mnamwongoza vizuri ila mmeruka jambo la muhimu kuliko yote. Ukipandisha 11 peke yake unaongeza ukubwa wa sauti, huongezi nguvu. Chukua mtu amenong'ona ukamrekodi afu ukafungua spika mpaka mwisho, umepata nini? Mnong'ono mkubwa. Hajapaza sauti. Na mtu akipiga kelele kule mbali ukamsikia kwa udogo bado unajua kwamba anapiga kelele. Ndo tarumbeta ilivyo, akipuliza ff sauti inakuwa kali, inang'aa, zile sauti za juu zilizojificha ndani ya noti zinatoka, akipuliza pp ni ya mviringo laini. Selo pia, upinde ukikandamizwa rangi inabadilika.

Kwa hiyo saundi nzuri zina sampo za matabaka, wamerekodi noti hiyohiyo ikipigwa p, mf, f, na kontrola, mara nyingi ni namba 1, inakuvusha toka tabaka moja kwenda lingine kwa kuyachanganya. Ukiwa na saundi ya namna hiyo kreshendo ichore kwenye 1 kwanza, afu 11 uitumie kidogo tu kwa kusawazisha au pale unapotaka noti ifie kabisa mpaka kimya, maana tabaka la p bado lina sauti, 1 ikiwa 0 haimaanishi kimya.

Kuna jaribio nafanya kila nikipata saundi mpya kabla sijaandika ata noti moja ya maana. Namwekea noti moja ndefu, bari kama sita, nachora 1 toka 0 mpaka 127 polepole, nafumba macho. Kuna saundi utasikia mahali fulani katikati pana kigongo, ghafla ni kama mpigaji kabadilishwa, hapo ndo matabaka yanapokutana na hawakuyaunga vizuri. Ukishajua kigongo kiko wapi, unajua p yako iwe chini yake na f yako iwe juu yake, na kreshendo ikipita pale ipite haraka isikae.

kinanda_kimya
Na saundi za bure, zile faili za saundfonti, je? Maana si wote tuna hizo za matabaka

viola_wa_nyuma
Nyingi zina tabaka moja kwa vyombo vya nyuzi, so 11 ndo msaada wako, kubali mnong'ono mkubwa maisha yaendelee. Ujanja mmoja, kwenye ff ongeza violini wa pili wapige pamoja na wa kwanza kwenye stafu iliyofichwa, inasaidia kidogo kuficha. Kidogo.

Teno_wa_Pili
Wakuu nimerudi na balaa jipya. Soprano na alto nimewaandika stafu moja kama vitabu vya nyimbo vinavyofanya, teno na besi stafu moja. Bari ya 21 alto wanashika noti na wanapanda peke yao, soprano wanatakiwa wabaki p juu yao. Nimechora 11 ya alto na soprano nao wanapanda! Nimejaribu kuhamisha alama chini ya stafu, nimeiweka kwenye sauti ya pili, wote wanakwenda kama wamefungwa kamba moja.

FundiMidi
Wamefungwa kweli. Kontrola kwenye MIDI haijui noti, inajua chaneli. Kila kilicho kwenye chaneli ile kinaitii, na soprano na alto wako wamo kwenye chaneli moja kwa sababu wamo stafu moja. Velositi ni ya noti, kontrola ni ya chaneli, ukiielewa hiyo sentensi nusu ya maswali yanayoletwa huku yanajijibu.

Suluhu ni kuwatenganisha. Baadhi ya programu zinaruhusu kila sauti ndani ya stafu kuwa na chaneli yake, Dorico inakubali hilo, kama yako inaruhusu washa na kazi imekwisha. Kama hairuhusu fanya stafu nne, kila mtu yake, hizi ndo zipige. Afu ile stafu mbili ya kuchapisha uiache bubu. Ndio, ni kazi mara mbili, na ukibadilisha noti huku lazima ubadilishe kule, kwa hiyo hili lifanye mwisho kabisa wimbo ukishatulia. Chaneli ziko 16 kwa kila poti ya MIDI, sauti nne na nyuzi nne ni nane, hutaishiwa.

mzee_wa_solfa
Vijana nimewasoma toka juu mpaka hapa, mnajua mnachokifanya na nimejifunza, lakini mimi nina wasiwasi mmoja ngoja niutoe. Mnaweza mkafika mahali kompyuta inapiga vizuri kuliko mlivyoandika. Nimeletewa kazi na kijana mmoja, kwenye kompyuta filimbi iko chini kabisa pale kwenye noti zake za mwanzo, tarumbeta tatu zinalia f juu yake, na filimbi inasikika kama iko peke yake chumbani. Nikamuuliza imekuwaje. Kumbe kainua kitelezi cha filimbi kwenye miksa mpaka juu. Sasa filimbi ya kweli kule chini haina nguvu hiyo hata mpigaji apasuke mapafu, siku ya mazoezi hakuna aliyeisikia hata noti moja. Kompyuta ilimdanganya kwa sababu aliiambia imdanganye.

Mimi nawashauri, usawa wa vyombo uwekwe mara moja, kila chombo kipige mf peke yake na ukilinganishe na unachokijua cha watu hai, afu msiguse tena. Kitu kisiposikika baada ya hapo rekebisha uandishi, mpandishe filimbi oktavu moja au wapunguze tarumbeta. Miksa iwe ndo mlango wa mwisho.

Besi_Nzito
Mzee shikamoo, hapo umenena. Ila kama mtu anatengeneza ya kusikilizwa tu, haitapigwa na watu kamwe, basi afanye anavyotaka.

mzee_wa_solfa
Marahaba. Hapo sina ugomvi naye.

Besi_Nzito
Ngoja nirudi kwa teno wetu maana nadhani yupo tayari kwa jambo jingine. Kreshendo kubwa ushaziweza. Lakini ukisikiliza kwaya yako sasaivi pale ambapo hakuna kreshendo yoyote, bari nane zote ni mf, unasikia nini? Noti zote 80, 80, 80, 80. Hakuna binadamu anaimba hivo. Ukimwandikia mwimbaji mf anaelewa ni eneo la kutembea, programu inaelewa ni nukta.

Watu wanakimbilia kile kitufe cha kuchanganya namba ovyo, kinachoongeza na kupunguza velositi bahati nasibu eti iwe kama binadamu. Binadamu gani? Mlevi labda. Mtu akiimba hatofautishi noti kwa bahati nasibu, kuna sababu, anaegemea neno, anaegemea noti inayogongana na wenzake kabla haijatulia, anaachia mwisho wa frezi (sentensi ya muziki). Na kwenye Kiswahili ndo rahisi kabisa kwa sababu mkazo tunaujua uko wapi, silabi ya pili toka mwisho. Ukiandika "tu-ta-i-mba" mkazo uko kwenye I, "mba" inadondoka tu. Lakini kama "mba" imeangukia mdundo wa kwanza wa bari, programu nyingi zinaipa nguvu kwa sababu ni mdundo wa kwanza, unapata "tutaiMBA", inaudhi. Mimi napita neno kwa neno, yenye mkazo naipa 5 au 6 juu, ya mwisho naitoa 8 hivi, bila kuonyesha chochote kwenye karatasi. Noti ya mwisho ya frezi natoa ata 12. Namba ndogo tu, mtu hatajua umefanya nini ila ataacha kusema hii ni kompyuta.

Kuna programu zinajaribu kufanya hivi zenyewe. Finale walikuwa na yao ya kupiga kibinadamu kabla haijasitishwa 2024, Sibelius ina mitindo ya espressivo unachagua kiasi gani. NotePerformer, programu ya kupiga noti inayounganishwa na hizo za kuandika, yenyewe inasoma noti zinazokuja mbele kama sekunde moja kabla haijazipiga, ndo maana ukibonyeza inachelewa kidogo kuanza, inataka kujua frezi inakwenda wapi. Zinasaidia sana kwenye vyombo. Ila hazijui Kiswahili, mkazo wa neno utauweka mwenyewe.

kinanda_kimya
Hii ya mkazo nimejaribu sasaivi kwenye wimbo wangu, mistari miwili tu. Jamani.

Teno_wa_Pili
Na fp (f afu p ghafla)? Nina moja kwa nyuzi bari ya 30, inapiga f inabaki f.

viola_wa_nyuma
Velositi iache 96 ili noti igongwe kwa nguvu, afu kontrola ianze juu na ianguke ndani ya nusu mdundo mpaka kiwango cha p, usiiangushe wima kama ukuta maana inasikika kama mtu kazima redio. Kama saundi yako inatumia 1 kwa matabaka basi angusha 1, rangi nayo ishuke.

Na ukishamaliza, baada ya kila mkunjo rudisha kontrola kwenye kiwango chake. Kontrola haisahau, inabaki palepale ulipoiacha mpaka uiambie vingine, noti mpya ikija inaikuta hapohapo.

Teno_wa_Pili
Sawa. Nimekaa na hii kazi usiku mzima wakuu. Soprano na alto nimewatenganisha, bari ya 21 alto wanapanda soprano wametulia juu kama wingu. Mkazo wa maneno nimepita wimbo wote, nimegundua ata sehemu tatu nilizoweka maneno vibaya, yani si velositi, ni mimi nilikosea kuandika rithimu, neno lilikuwa linapindishwa, nimehamisha noti na velositi sikuhitaji tena. Miksa nimeifanya kama mzee alivyosema na viola ikapotea bari ya 26 mpaka 29, nimeiandika upya juu kidogo. Bari ya 38 nyuzi zote zinashuka mpaka kimya kabisa, nimechora 11 mpaka 0, inafifia nzuri mnooo, afu kwaya inabaki peke yake. Faili la MIDI hilo nimeambatanisha, sikilizeni mniambie.

mzee_wa_solfa
Nimesikiliza. Alto bari ya 21 wamenifurahisha. Teno wako wana kazi ngumu sana kwenye ukurasa wa pili, lakini hilo ni jambo la siku nyingine.

Besi_Nzito
Nzuri sana mkuu, hongera. Swali, bari ya 44 nyuzi zinaingia tena? Naona noti kwenye faili zipo, violini wa kwanza wana melodi kabisa, ila sisikii kitu mpaka mwisho wa wimbo. Kwaya tu.

FundiMidi
😂😂 Viola_wa_nyuma alisema nini kuhusu kontrola kutosahau?

Teno_wa_Pili
Ooh. Nimeiacha kwenye 0. Na mimi nilivyosikiliza nilikua naanzia bari ya 44 moja kwa moja, programu ilikua inaanza upya na 11 ikiwa juu, kwa hiyo kwangu zilikua zinalia. Narekebisha, dakika tano.